Niulize Nikujibu: Huko FDC wanafundisha nini hasa?

Mwezi jana nilijibu barua ya mama mmoja wa Igurusi aliyeuliza kama kuna chuo kinachompokea mtu asiye na cheti cha kidato cha nne. Nikamjibu kwa mistari minne: kipo, kinaitwa chuo cha maendeleo ya wananchi, wenyewe tumezoea kukiita FDC. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Ilula mpaka Tunduma, nyingine kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba na jogoo anawika humo humo. Basi safu ya mwezi huu yote nimewaachia ninyi wa vyuo.

Kwa wasionijua: nimefundisha ushonaji kwenye chuo kimoja cha wananchi huku Nyanda za Juu kwa miaka 23. Sasa nimestaafu, naishi Uyole, nina vyerehani viwili barazani, na leo naandika nikiwa nimefunika miguu kwa khanga mbili kwa sababu Julai ya hapa haina huruma na mtu mzima.

*Mwalimu, kamwene. Mwanangu wa kiume ana miaka 19, kidato cha nne kapata sifuri. Baba yake ameshaona chuo cha mtu binafsi mjini, kompyuta miezi sita, wanataka laki tisa. Sisi tunalima nyanya, laki tisa ni jasho la msimu. Mimi moyo unasita. Huko FDC kompyuta ipo? Na kingine kuna nini?*
*Mama wa nyanya, Ilula*

Kamwene mama. Umeniandikia kutoka Ilula, na Ilula penyewe pana FDC! Ni kama mtu wa Kyela aniulize mchele unauzwa wapi.

Hiyo sifuri isikunyime usingizi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere na wenzake kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Uswidi, na kizingiti chake kiliwekwa chini makusudi. Mtu mzima anayejua kusoma na kuandika aingie, ajifunze kitu cha kumfaa pale anapoishi, arudi kwao akakifanye. Leo viko 54 Tanzania Bara. Ukiacha cha kwenu, huku kwetu kuna cha Njombe, cha Ulembwe, cha Katumba kule Rungwe, na cha Nzovwe hapa Mbeya jijini. Mwanao hataangaliwa kwa jicho la pembeni getini. Mimi nimefundisha waliotoka darasa la saba wamekaa dawati moja na waliofika kidato cha sita, na mara nyingi wa darasa la saba ndiye aliyemshikia mwenzake mkasi.

Fani za chuo utazisikia kabla hujaziona. Ukiingia asubuhi ya siku ya kazi, upande mmoja randa inalia kwa maseremala, upande mwingine cheche za wanaochomelea, nyuma wanafunzi wa uashi wanajenga ukuta ambao jioni wataubomoa wasafishe matofali waanze upya. Jikoni darasa la upishi linakaanga vitunguu na kututesa sisi wengine. Kuna umeme wa majumbani, kuna bomba, kuna magari, kuna ushonaji, kuna kilimo na mifugo. Hizi ndizo kozi ndefu, za miaka miwili, na mwisho wake mwanafunzi anakaa kwenye mtihani wa taifa wa ufundi stadi, Level 1 kisha Level 2. Pembeni yake kuna kozi fupi, za wiki chache hadi miezi kadhaa, na hapo ndipo utakuta kompyuta, keki, batiki, sabuni, ususi, wakati mwingine udereva. Si kila chuo kina kila fani. Kimoja kina karakana nzuri ya magari na ushonaji wake umelala, kingine kinyume chake. Kwa hiyo orodha ya kwenye tangazo usiiamini mpaka miguu yako imefika.

Sasa kompyuta. Kompyuta ni chumvi mama, na hakuna anayekula chumvi peke yake. Kijana anayejua kuandika barua na kupanga hesabu kwenye kompyuta, halafu hana kazi nyingine mkononi, atakaa kwenye banda la kutoa fotokopi la mtu mwingine akilipwa kwa siku. Lakini fundi anayejua kompyuta anaandika ankara yake mwenyewe, anapeleka bei shuleni, anapata kazi ya madirisha 40. Aisome hapo hapo chuoni kama kozi fupi, jioni, huku fani kubwa ikiwa nyingine.

Fani gani? Hilo mimi nikiwa Uyole siwezi kumchagulia. Ila kesho ukienda shambani nifanyie kazi hii. Hesabu pampu za kumwagilia unazozijua zilizolala kwa kukosa fundi. Hesabu pikipiki zinazotoa matenga shambani kwenda barabarani, uulize zikiharibika zinapelekwa wapi. Angalia matenga yenyewe nani anayagonga, na mbao anazitoa wapi. Halafu mwangalie kijana: redio ikiharibika anaifungua au anaiacha? Mlango ukilegea anatafuta msumari au anapita? Miaka 19 mikono yake imeshaonyesha inapenda nini, ila ninyi mlikuwa mnaangalia matokeo ya mtihani.

Mkienda chuoni, nendeni Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi, msiende siku ya mahafali. Msikae ofisini. Ombeni kuiona karakana. Kama mashine zimefunikwa turubai na vumbi limekaa juu ya turubai, shukuruni muondoke. Kama wanafunzi wana grisi mikononi, kaeni. Kisha ombeni karatasi ya ada na michango yote, narudia, michango yote. Kwa vyuo vya VETA, yaani vile vya mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ada iliyozoeleka ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ya FDC ulizeni pale pale chuoni. Lakini penye ada ndogo kuna ovaroli, buti, vifaa vya fani, godoro, chakula, ada ya mtihani. Wazazi wengi wamekwama kwenye hivyo vidogo vidogo, si kwenye ada. Fomu huanza kutolewa kuanzia Agosti hivi na masomo huanza Januari, kwa hiyo msimu huu wa nyanya unakutosha kujipanga.

Baba yake usimbishie mbele ya mtoto. Mpeleke naye akaione karakana. Wanaume wakishaona mashine inazunguka huwa wanalainika.

*Mwalimu, nilipanda gari mpaka Uyole nikitafuta ushonaji, nikaingia chuo cha maendeleo, wakanishangaa. Kwani wewe si umesema chuo cha maendeleo?*
*Niliyepotea, Inyala*

Pole sana, na ungepita kwangu ningekupa chai. Uliingia chuo cha maendeleo ya JAMII. Hicho kazi yake kubwa ni kuwaandaa maafisa maendeleo ya jamii, wale wanaokuja vijijini na daftari la vikundi. Unachokitafuta ni chuo cha maendeleo ya WANANCHI, na cha kwako karibu ni Nzovwe, upande wa pili wa jiji. Majina yamefanana kama mapacha, hata konda wa daladala anachanganya.

*Kaka hapa, fundi umeme Makambako, mwaka wa tisa. Nilijifunza kwa mjomba. Nafunga nyumba vizuri, lakini mteja akitaka kuvuta umeme lazima nikamtafute mtu mwenye muhuri, nampa hela, na nyumba yenyewe haji hata kuiona. Nimeambiwa nikaanze Level 1 na watoto wa miaka 17. Nina miaka 34, watoto watatu. Niende?*

Usiende. Yaani nenda, lakini si kwa mlango huo.

VETA wana utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe aliyejifunzia kazini. Unajaza fomu, wanakuja wataalamu wa fani yako, wanakutazama ukifanya kazi na kukuuliza maswali ya mdomo. Unachokijua wanakiandika kwamba unakijua. Usichokijua unafundishwa kwa muda mfupi, kisha unapata cheti cha ngazi unayostahili. Huhitaji kukaa miaka miwili kuonyeshwa bisibisi. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe ukaulize lini wanaandikisha umeme. Na sikiliza pia matangazo ya halmashauri, kwa sababu serikali huwa na programu inayolipia vijana. Kwa hesabu ya serikali kijana mwisho miaka 35, kwa hiyo wewe umebakiza mwaka mmoja wa ujana. Kimbia.

Cheti hicho ndicho kitakachokufungulia njia ya leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, maana wao ndio wanaotoa leseni za kufunga umeme, kwa madaraja. Ukipata yako, muhuri unakuwa wako na ile hela unayompa asiyekanyaga nyumba inabaki mfukoni.

Hapa niseme kitu ambacho wazazi wanaochagua kozi huwa hawaulizi. Kuna fani zinazodai karatasi na fani zinazodai mkono tu. Hajawahi mtu kuniomba leseni ya kushona. Nimekosea gauni mara ngapi, mteja amenuna, nimefumua, yameisha. Umeme ukikosewa nyumba inaungua na watu wamelala. Gari la abiria hivyo hivyo, huwezi kulishika bila leseni ya daraja lake. Kwa hiyo kama fani ni ya karatasi, ulizia karatasi inatambuliwa na nani kabla hujalipa hata senti.

Na kwa kuwa karakana yangu ilipakana na ya umeme miaka yote ile, nakupa siri ya jirani. Mafundi waliotoka mtaani walikuwa wanaanguka mahali pamoja: ethi, ile njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Waya wa 1.5 kwenye taa na wa 2.5 kwenye soketi walikuwa wanaujua usiku na mchana, lakini nondo ya ethi wengine walikuwa wanaichomeka kwenye udongo mkavu kama wanaotundika bendera. Mwalimu mwenzangu alikuwa akiliona hilo anapiga kelele mpaka cherehani zangu zinasimama. Kasome hapo kwanza.

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, nilipata ujauzito kidato cha pili, mtoto sasa ana miaka mitatu. Nakaa kwa bibi, Rungwe. Natamani kusoma lakini nikiwa na mtoto nani atanipokea? Halafu nachanganyikiwa, nirudi sekondari au nijifunze kazi? Na nikikaa na wadogo zangu darasani, si nitachekwa mimi?*

Marahaba mwanangu. Ugonile.

Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, kwa hiyo sekondari haijafungwa kwako. Lakini kwa mtu aliyekaa nje miaka minne na ana mtoto, mimi ningekushauri uangalie kwanza FDC. Kuna programu inaitwa Elimu Haina Mwisho kwenye vyuo hivi, imewekwa kwa wasichana wenye hadithi kama yako. Unasoma masomo ya sekondari na fani kwa pamoja, asubuhi hesabu na Kiingereza, mchana cherehani au jiko au kilimo. Na mtoto unakwenda naye. Chuoni kuna mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako darasani. Wewe uko Rungwe, nenda Katumba ukaulize, na umbebe mtoto siku hiyo hiyo, usimfiche kwa jirani. Wakimwona ndiyo wataelewa unachotaka.

Kuhusu kuchekwa. Zamani, kabla ya kuwa na vyumba hivyo vya watoto, nilikuwa na mwanafunzi aliyekuja na kichanga cha miezi mitano. Sheria haikuruhusu wala haikukataza, ilikuwa kimya, nami nikawa kimya. Tulimlaza mtoto kwenye boksi lililoletwa na vitambaa, tukatandika mabaki ya flana chini, tukaliweka kati ya cherehani ya tatu na ya nne. Vyerehani vikianza kukanyagwa analala. Vikisimama analia. Ikawa nikitaka kueleza kitu ubaoni lazima wawili waendelee kukanyaga bila uzi, tak-tak-tak, ili mwalimu asikike. Hakuna aliyemcheka mama yake. Wengine walikuwa wanagombea zamu ya kukanyaga.

Fani nayo, usichague ushonaji kwa sababu tu ni wa wasichana. Naungama kama mwalimu wa ushonaji: tumejaza nchi mafundi wa magauni. Rungwe kuna parachichi, chai, ndizi, maziwa. Mwulize bibi yako maziwa ya asubuhi yanauzwa, ya jioni yanakwenda wapi. Msichana anayejua kutengeneza mtindi na jibini kwa usafi, au anayejua kuotesha na kubebesha miche ya parachichi, hahitaji kumtafuta mteja Mbeya mjini. Ukimaliza, jiunge na wenzako. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wewe ni mwanamke na ni kijana, una milango miwili. Lakini wanakopesha vikundi, na kikundi kinataka shughuli inayoonekana, ndiyo maana nakwambia fani kwanza.

*Mwalimu shikamoo. Nimemaliza ushonaji miaka miwili, Level 2 ninayo. Mwezi wa tano mama mmoja wa kanisani alinipa kitenge cha suti ya harusi. Koti likamvuta mgongoni, mikono imejikunja begani kama tambi. Nimemlipa kitenge chake. Sasa nataka niachane na cherehani nikasome saluni miezi mitatu. Nisamehe kwa kukwambia wewe.*
*Fundi aliyekata tamaa, Mlowo*

Marahaba. Nakusamehe, ila saluni ngoja kwanza. Nina deni na watu kama wewe.

Tuanze na koti. Kuvuta mgongoni ni kosa la futikamba, cherehani haihusiki. Ulimpima amesimama wima, mikono imelala, kama tulivyokufundisha. Lakini mama huyo kanisani hasimami hivyo, anapiga makofi, anabeba mjukuu, anainamisha kichwa kwenye sahani ya pilau. Mwambie ajikumbatie, mikono ikutane mbele, halafu pima mgongo kutoka kwapa hadi kwapa. Utaona umeongezeka. Tofauti hiyo ndiyo uliyomnyima.

Mikono nayo. Ulifundishwa kwamba sehemu ya juu ya mkono inakatwa kubwa kuliko tundu la kwapa, sentimita 2 hadi 4, halafu ule ziada unaubana kidogo kidogo wakati wa kuunga ili bega likae mviringo. Ni kweli, kwa kitambaa cha sufu. Sufu inasinyaa ukiipiga pasi yenye maji, inameza ziada, huioni tena. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa kubana, hakimezi kitu. Ukikipa sentimita 4 kinakurudishia tambi. Kipe moja, moja na nusu. Chukua kipande cha kitenge chakavu leo jioni, kata mikono miwili, mmoja kwa kipimo cha zamani na mwingine kwa hiki, unga yote, uiweke mezani uitazame. Utanipigia simu.

Kwa nini hukuambiwa haya kwa miaka miwili? Hapo ndipo deni lilipo. Kuna mwaka, chuoni kwetu, nilikuwa na wanafunzi 34 na vyerehani 11 vinavyofanya kazi. Mtu anashona robo saa anampisha mwenzake. Tukafundisha kwa pateni ndogo za karatasi za kubandika daftarini, nzuri sana, mkaguzi akija anafurahi, lakini koti la sentimita 15 halina mgongo wa mtu ndani yake. Mwaka huo nilimpa binti mmoja alama za kufaulu kwa kuitazama sketi yake ikiwa imening'inia ukutani. Sikumvalisha mtu. Likizo akamshonea shangazi yangu sketi kama ile. Shangazi ana tumbo, tumbo linakula urefu, na upindo wa mbele ukapanda mpaka kwenye magoti huku wa nyuma unafagia. Alikuja nayo nyumbani kwangu akiwa ameivaa, akageuka taratibu kama kwenye maonyesho, akasema, "Mwanafunzi wako huyu." Tangu siku hiyo mtihani wangu wa ndani ulikuwa mmoja: nguo ivaliwe na mpishi wa chuo, ambaye alikuwa mnene na hakuwa na subira.

Kwa hiyo hukosi akili, umekosa miili ya watu. Nenda Mwanjelwa, Mbeya mjini, mtafute fundi wa suti mwenye foleni, umwombe miezi mitatu. Atakupa kazi ya kukunja pindo za suruali na kufungua mishono, usidharau, mishono unayofungua ni darasa. Suti moja iliyoshonwa vizuri ukiifumua inakufundisha kuliko mimi. Na Novemba ikifika kata sare za shule, kwa sababu Januari Mlowo nzima inatafuta sketi na kaptula. Sare hazina sifa lakini zinalipa kodi ya chumba, na utashona mkono ule ule mara mia mpaka vidole vizoee.

Saluni ukiipenda utaisoma tu baadaye, kozi fupi haikimbii. Usiiendee kwa hasira.

*Mimi mzee wa Kalenga, miaka 61. Nataka kujifunza nyuki. Wajukuu wananicheka. Kuna chuo cha wazee?*

Shikamoo baba. Hakuna chuo cha wazee, kuna hiki hiki. Nyuki ni kozi fupi, na vyuo vya wananchi vina kitu kinachoitwa mafunzo ya nje, yaani mwalimu anakuja kijijini kama mmekusanyika wa kutosha. Kusanya wenzako kumi wenye miti, andika barua kwa mkuu wa chuo kupitia kwa mtendaji wako wa kijiji. Wajukuu waachie kazi ya kubeba mizinga.

*Mwalimu, VETA na FDC ipi zaidi? Jibu fupi.*
*Konda, Tunduma*

Mtihani ni ule ule. VETA vifaa vingi zaidi na ushindani wa nafasi ni mkubwa, FDC mlango mpana zaidi na kozi fupi nyingi. Angalia karakana, usiangalie bango.

*Mwalimu, binti yangu wa pekee amechagua ufundi magari. Mama yake analia tangu Jumapili. Mimi ni dereva wa lori la mbao hapa Mafinga, najua gereji zilivyo, matusi na mafuta machafu. Nimkatalie?*

Kaka, wewe unayeendesha lori kutoka Mafinga ndiye unayejua zaidi yangu ni mara ngapi umelala barabarani kwa sababu ya fundi wa kubahatisha. Sasa mungu amekupa fundi ndani ya nyumba unataka kumkatalia?

Matusi yapo, sikudanganyi. Nenda na binti ukamwone mwalimu wa karakana, muulize mbele yake ana wasichana wangapi na bafu lao liko wapi. Akijibu bila kupepesa macho, vizuri. Akicheka, tafuteni chuo kingine. Na wakati wa mafunzo ya vitendo kazini usimwache atafutiwe gereji yoyote. Wewe una marafiki mafundi miaka yote hiyo, mchagulie mwenye heshima.

Mama yake mpe kazi ya mikono ili aache kulia: ovaroli mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufua, zishonwe nene magotini. Na amsuke mistari iliyolala kichwani, mifupi, isining'inie. Rasta ndefu na feni ya injini havikai nyumba moja.